Kuficha Kalamu: Je, Ni Unyenyekevu?

Tumepokea suala kutoka kwa kijana mmoja akaaye Kangemi, ambaye ni katika wahudhuriaji wa darasa zetu za jioni hapa mjini Nairobi. Asema kuwa kwa muda wa miaka sita amekuwa akiandika kitabu cha mirathi kwa Kiswahili chepesi, ili mtu asiyejua Kiarabu aweze kufahamu nani arithi nini. Kitabu amekwisha kukimaliza tangu mwaka juzi, nacho ni daftari nne zilizojaa. Lakini hajamwonyesha mtu. Auliza: "Je, yajuzu mtu kutaka kitabu chake kisomwe na watu wengi, kijulikane kwa jina lake, na kimpatie riziki? Au hiyo ni ria na kuipenda dunia, na lililo bora ni kukiacha sandukuni?"

Tumeona tulijibu suala hili mbele ya wasomaji wote, wala si kumjibu yeye faraghani, kwa sababu tunawajua wengi walio katika hali kama yake. Yupo mwalimu wa madrasa aliyekusanya masomo ya watoto kwa tartibu nzuri kuliko vitabu vinavyouzwa. Yupo mama aliyeandika nasaha za ndoa, ambazo wasichana wa mtaa wake huzinakili kwa mkono. Ukiwauliza mbona hawatoi kazi zao, husema: "Mimi ni nani hata niandike?" Na watu wakisikia hivyo huwasifu, wakasema huyo ana adabu. Neno hili husifiwa kabla ya kupimwa. Sisi twataka kulipima.

Kwanza tusiidharau hofu ya kijana huyu, kwani ina asili katika dini. Katika khabari sahihi za Mtume (rehema na amani zimshukie) imo ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyejifunza elimu akaifundisha, kumbe alilolitaka ni aitwe mwanachuoni. Aliitwa hivyo duniani, basi ujira wake akawa ameumaliza huko huko. Kila mwenye kushika kalamu na aikumbuke khabari hii. Naye Imamu Shafii imepokewa kwake kuwa alitamani watu wanufaike na elimu yake bila ya kunasibishiwa yeye hata herufi moja. Mtu akisoma hayo, kisha akaona jina lake juu ya jalada, ni haki yake kushtuka.

Lakini Imamu Shafii huyo huyo aliandika. Risala yake tunayo, na jina lake li juu yake, na watu wa miaka elfu na mia mbili wamesoma katika mkono wake. Kutamani kusitajwa hakukumfanya aiweke Risala sandukuni. Na Fudhayl bin Iyadh, ambaye alikuwa katika wacha Mungu wakubwa, alifundisha jambo ambalo wengi wetu hatulipendi: kwamba mwenye kuacha jambo la kheri kwa ajili ya macho ya watu, naye ameingia katika ria. Sisi tumezoea kudhani kuwa ria ina mlango mmoja, mlango wa kujionyesha. Kumbe una mwenzake, mlango wa kujificha. Anayeandika ili watu wamsifu na anayeacha kuandika ili watu wasimcheke, wote wawili wamewafanya watu kuwa ndio qibla yao.

Basi tukamwuliza kijana wetu, wewe khasa wachelea nini? Akatujibu kwa ukweli, na tunamshukuru kwa ukweli wake. Alisema achelea walimu wa Kiswahili wasicheke ngeli zake, kwani nyumbani kwao hakikusemwa Kiswahili. Achelea masheikh wa pwani wasiseme, huyu ni nani, amesoma Lamu au amesoma Tarim, na tangu lini mirathi ikatoka Kangemi? Na achelea wachapishaji. Kila siku hupita na matatu katika barabara ya Waiyaki akienda kazini, na hushukia Westlands, ambako wachapishaji kadhaa wamepata kuwa na ofisi zao; amekwisha kutembea mara mbili mpaka langoni pa mmoja wao, akamwona bawabu, akageuka. Tulisikiliza mpaka mwisho. Hofu zote alizotuhesabia zilikuwa za watu. Hatukusikia humo hata moja iliyo ya Mola wake, ila alipokuwa akiuliza suala lenyewe.

Wala hatusemi hayo kwa kumlaumu. Neno "mimi ni nani" mara nyingi mtu hakulizua mwenyewe, amefundishwa. Mji wetu huu ulilifundisha neno hilo kwa mawe na nguzo. Katika barabara ya Banda, jirani na Msikiti wa Jamia, ipo maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na msikiti ulimalizika kujengwa mwaka 1933, basi majengo hayo mawili yamekua pamoja kama watoto wa nyumba moja. Lakini Mwafrika aliyetoka kuswali hapo hakuruhusiwa kuingia katika maktaba ile na kusoma. Vitabu vilikuwa vya Wazungu mpaka mwaka 1962, ilipochukuliwa na Baraza la Mji na milango ikafunguliwa kwa kila mtu. Miaka thelathini na mmoja mtu apita mbele ya simba wale akijua kuwa kilichomo ndani si chake! Mambo ya namna hiyo hayaondoki siku milango ifunguliwapo. Baba humwachia mwana bila ya kumwambia neno, na mwana akasimama mbele ya lango la Westlands miaka mingi baadaye, akageuka.

Tukitaka kuona dawa yake, tutazame waliotutangulia katika nchi hizi zetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanza kutoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na baada yake Al-Islah mwaka 1932, mwanachuoni aliyetaka kuheshimiwa na wenziwe aliandika kwa Kiarabu. Kiswahili kilikuwa cha utenzi na cha barua. Kuandika kwa Kiswahili juu ya elimu, siasa, ukulima na mwendo wa jamii, tena katika karatasi ya kupita mkono kwa mkono, lilikuwa jambo la mtu kujishusha mbele ya wakubwa wenziwe. Sheikh Al-Amin alijishusha. Na hapa ndipo tunapoona tofauti ya unyenyekevu na woga: yeye alikubali kupungukiwa na heshima ili kazi ionekane, na mwoga huificha kazi ili heshima isipungue. Baadaye, mwaka 1937, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947, lakini leo anayejua hukumu alizozitoa ni mchache, na makala yake yaliyokusanywa katika kitabu cha Uwongozi yangali yakisomwa.

Kisha tazameni kazi ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Tafsiri kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, padri wa misheni ya Unguja, na nyingine mwaka 1953 na Ahmadiyya, tena hapa hapa Nairobi. Masheikh wa Kisunni walizikataa zote mbili, na walikuwa na hoja zao. Lakini kukataa si kutafsiri. Miaka ilipita, na Muislamu wa kawaida aliyetaka kufahamu anachokisoma hakuwa na tafsiri kamili ya kushika iliyotoka kwa wanavyuoni wake mwenyewe. Waliokuwa na elimu ya kuifanya hawakukosekana. Baadhi yao kwa elimu hiyo hiyo waliogopa, kwani nani athubutu kusema kuwa haya ndiyo maana ya maneno ya Mungu? Sheikh Abdulla, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa skuli Unguja, alithubutu. Alianza kuitoa vipande vipande, watu wakasema, wengine wakamkosoa kwa ukali, naye akaendelea, mpaka Qurani Takatifu ikatoka kamili mwaka 1969, ikachapishwa na Islamic Foundation ya hapa Nairobi, yeye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1982. Waliomkosoa, na wengine walimkosoa kwa haki, walipata la kukosoa kwa sababu yupo aliyeandika.

Nasi twapenda kuongeza mfano wa tatu, ijapokuwa si wa kitabu cha dini, kwa sababu wafungua upande mwingine wa suala, nao ni upande wa kufaulu. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, mwaka 1968. Akahukumiwa kifungo, akakaa gerezani tangu 1969 hata 1972. Humo aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, hali hana msomaji, hana mchapishaji, wala hana hakika ya kutoka. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1973. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Hatumwambii mtu aende akafungwe. Twamtaja ili ijulikane kuwa kufaulu kwa kitabu hakumo mkononi mwa mwandishi, na haifai mtu kungoja mpaka akuone ndipo aandike. Alichokuwa nacho Abdilatif ni karatasi ile na kalamu, na hicho ndicho alichokitumia.

Sasa turudi katika vipande vitatu vya suala, kwani kijana ameuliza juu ya wasomaji, jina na riziki, na hukumu zake si sawa.

Ama kutaka wasomaji wengi, hatuoni shaka yoyote. Kitabu cha mirathi hakikuandikwa kisomwe na mende. Anayetaka manufaa yaenee ametaka kheri, na anayesema "mmoja akinufaika yatosha", ilhali aweza kuwanufaisha elfu, huyo hakukinai bali amezembea. Na ni nani hao wa kunufaika? Tunamjua mjane mmoja wa Kawangware, ambaye mumewe alipofariki, shemeji zake walimwambia kuwa mke hana fungu katika duka, fungu lake ni eda na kuhurumiwa. Alikubali. Watoto wanne walikuwapo. Mke ana thumni yake, na watoto wana haki zao, na jambo hili lasomwa katika Surat Nisaa na kila mwenye kusoma. Mahakama ya Kadhi ipo, na Katiba ya mwaka 2010 imeithibitisha katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaoiridhia. Lakini mtu haendi kudai asichokijua kuwa ni chake. Wanafunzi wetu huhifadhi Rahabia kwa Kiarabu kutoka mwanzo hata mwisho, na mjane yule hajui thumni ni nini. Kati ya hayo mawili pana daftari nne, nazo zimo sandukuni Kangemi. Basi na atwambie kijana, unyenyekevu huo wa kuzificha nani anaulipia?

Wako watakaosema kuwa vitabu vya mirathi vipo vingi. Imamu Malik naye aliambiwa hivyo alipokuwa akiandika Muwatta, kwamba wengine wameandika mfano wa kitabu chake, naye akajibu kwa maana ya kuwa kitakachosalia ni kile kilichokusudiwa Mungu. Muwatta tunao, vile vingine wengi wetu hatujui hata majina yake.

Ama jina, hapa ndipo penye hatari, wala hatufichi. Ladha ya kusikia jina lako likitajwa ni tamu kuliko asali, na huharibu mambo mengi. Lakini jina juu ya kitabu lina kazi mbili, na watu huona moja tu. Huona sifa. Hawaoni dhamana. Sisi ni umma wa sanad: hatupokei khabari mpaka tujue nani ameitoa kwa nani, na asiyejulikana khabari yake huwekwa kando. Siku hizi maneno ya dini yapita katika simu usiku na mchana, hii ni hadithi, hii ni fatwa, hii ni dawa, na chini yake hapana jina la mtu. Likiwa ni uwongo, utamshika nani? Aliyeandika amejificha, na huenda akajiona ni mnyenyekevu. Mwenye kuweka jina lake amesema: haya nimeyasema mimi, kama nimekosea njooni mnisahihishe, na kama mtu amedhulumika kwa kosa langu najulikana nilipo. Hilo ni jambo zito kubeba kuliko kujificha. Katika kitabu cha mirathi ni lazima zaidi, maana ukikosea hesabu ya mafungu umekula mali ya yatima kwa mkono wa mtu mwingine.

Na kama ataka kuijua nia yake, Imamu Ghazali ameonyesha njia katika Ihya, anaposema juu ya mwenye kuwaidhi: atazame moyo wake atakapotokea mwingine aliye bora kuliko yeye, watu wakamwendea huyo. Akifurahi kuwa kazi imepata mtu, basi nia ni njema. Akiona kifua kimebana, ajue kuwa pana ugonjwa. Dawa ya ugonjwa huo, kwa rai yetu, ni kuendelea kuandika huku akiupiga vita. Asiyeswali kwa kuogopa ria hatumwambii amesalimika.

Ama riziki, tutasema kwa ufupi, kwani watu wamelikuza jambo dogo. Fundi wa cherahani alipwa, mwenye kupiga chapa katika River Road alipwa kabla hajawasha mashine, muuza duka ana faida yake, na dereva aliyebeba makaratasi ana ujira wake. Wote hao tumewaona kuwa ni halali. Kisha tukifika kwa mwandishi, ambaye pasipo yeye hapana kilichopigwa chapa, twamwambia afanye kwa ajili ya Mungu! Mrabaha wa mwandishi ni haki ya jasho lake, na anayekitoa kitabu cha mwenziwe kwa mashine ya fotokopi akakiuza amekula haki ya mtu, hata kikiwa ni kitabu cha Qurani. Akitaka kusamehe haki yake na kutoa wakfu, ni hiari yake na ana thawabu. Lakini msamaha hutolewa na mwenye haki, hautolewi na mnunuzi.

Pamoja na hayo yote, ujasiri tuutakao si ujuba. Wapo pia ambao maradhi yao ni kinyume cha ya kijana wetu. Huyo akisoma juzuu moja na vijitabu viwili hukimbilia mpiga chapa, na baada ya wiki mbili kitabu kiko juu ya mkeka nje ya msikiti baada ya Ijumaa, aya zimekosewa irabu, hadithi hazina asili, na picha yake mwenyewe imejaza jalada. Tukimwambia angalimwonyesha mtu kwanza, hukasirika. Huyu na yule wa sandukuni ni ndugu wa baba mmoja: wote wawili hawataki kusahihishwa. Mmoja hukimbia masahihisho kwa kutotoa, na mwingine hukimbia kwa kutoa haraka. Tofauti ni kuwa kosa la wa pili laonekana, na la wa kwanza hapana alionaye.

Mwaka uliopita alifariki mzee mmoja wa Riruta aliyesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na mazoea ya kuandika maswali ambayo watoto humwuliza na majibu aliyowapa, na walioyaona maandishi yale wasema kuwa hawajaona mfano wake katika kufahamu akili ya mtoto. Hakupata kuyatoa, akisema si mtu wa vitabu. Wanawe walipohama nyumba, karatasi zilikwenda kwa muuza njugu. Hatudhani kuwa walifanya ubaya. Hapana aliyewaambia kuwa ni kitu.

Kwa kijana wa Kangemi jibu letu ni kuwa alete daftari zake Jumamosi hii baada ya Alasiri. Tumemwomba mzee mmoja aliyefundisha mirathi kwa miaka mingi asome mafungu na mifano yake moja moja, na mwalimu mmoja wa sekondari asome lugha, ngeli na vyote. Wakimaliza, nasi tumeridhika, mmoja wetu atafuatana naye mpaka Westlands na kuingia pamoja naye langoni. Mchapishaji akikataa yapo malango mengine, na yakikataa yote tutazungumza na wapiga chapa wa mjini juu ya nakala mia tatu.

Na wengine walio na maandishi, waume kwa wake, twawaomba walete vile vile. Darasa letu halina fedha za kuchapisha, lina watu wa kusoma tu. Aandikaye kwa mkono na aandike upande mmoja wa karatasi, aache nafasi ya vidole viwili pembeni kwa masahihisho, na aweke nakala nyingine nyumbani. Jina lake kamili na mtaa wake viwe katika ukurasa wa kwanza. Karatasi isiyo na jina hatutaipokea.